Kingamwili ya 3F4 na protini ya ABCA4 ya retina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara katika maabara za Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi, wateknolojia wa maabara na wataalamu wa mifugo wa Mbeya, Iringa na Njombe hurudia kuuliza wanapoanza kazi na kingamwili ya kutambua ABCA4. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa lingine.

## Misingi

1. ABCA4 ni nini, na inasafirisha nini?

ABCA4 ni protini kubwa ya utando inayokaa ndani ya seli za retina zinazopokea mwanga. Ina asidi amino 2,273 na uzito wa takriban kilodaltoni 250. Seli hizo zina sehemu ya nje iliyojaa visahani vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ABCA4 hukaa kwenye ukingo wa visahani hivyo.

Mwanga unapoipiga rodopsini, protini ya kupokea mwanga iliyo kwenye visahani hivyo, retinali inayotokana na vitamini A hubadilika umbo na kuachiliwa. Sehemu yake hujishika na lipidi ya utando na kunasa upande wa ndani wa kisahani. ABCA4 hutumia nishati ya ATP kuugeuza mchanganyiko huo kutoka upande wa ndani hadi upande wa nje, ambako retinali hushughulikiwa na kurudishwa kwenye mzunguko. Msafirishaji huyu asipofanya kazi, retinali iliyonasa huungana yenyewe kwa yenyewe na kuzaa takataka kama A2E. Takataka hizo hurundikana katika seli zenye rangi zilizo nyuma ya retina, seli hizo hufa, na mtu hupoteza uoni wa katikati. Huo ndio ugonjwa wa Stargardt, uliopewa jina la daktari Mjerumani Karl Stargardt aliyeueleza mwaka 1909. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1997.

2. Kingamwili ya 3F4 ni ipi hasa?

Ni kingamwili ya monokloni (ya ukoo mmoja wa seli, inayoshika sehemu moja tu) iliyotengenezwa kwa panya dhidi ya ABCA4 ya ng'ombe, katika maabara ya Robert Molday ya Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Inashika kipande kifupi karibu na mkia wa protini, chenye mfuatano wa asidi amino YDLPLHPRTAG, kila herufi ikisimamia asidi amino moja. Uzikariri herufi hizo kumi na moja, maana maswali mengi ya chini majibu yake yamo humo. Inashika ABCA4 ya ng'ombe na ya binadamu.

3. Je, naweza kuitumia kupima kama mtoto ana ugonjwa wa Stargardt?

Hapana. Wazazi wanaouliza swali hili wanastahili jibu la wazi. ABCA4 haipo kwenye damu kwa namna ambayo kingamwili ingeweza kuisoma, na hakuna daktari atakayekata retina ya mtoto anayeona. Ugonjwa hutambuliwa kwa uchunguzi wa macho na picha za retina, kisha huthibitishwa kwa kusoma DNA. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe mara nyingi wanaona vizuri kabisa.

Mtoto asiyeuona ubao wa darasani hata akivaa miwani apelekwe kliniki ya macho, kwa mfano ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka hapo rufaa ipande kama itahitajika. Jambo moja la kuzingatia wakati wa kusubiri: mtu anayeshukiwa kuwa na Stargardt asipewe vidonge vya nyongeza vya vitamini A kwa kuambiwa tu kwamba "ni vya macho", kwa sababu ziada hiyo huongeza malighafi ya takataka zilizoelezwa katika swali la 1. Chakula cha kawaida hakina tatizo.

4. Kwa nini nisinunue kingamwili yoyote ya ABCA4 iliyo bei nafuu?

Kwa sababu ABCA4 ina ndugu. ABCA1 inafanana nayo sana katika mfuatano na ina uzito wa takriban kilodaltoni 254, na tofauti hiyo jeli, ambayo hupanga protini kwa uzito kama mistari (bendi), haiwezi kuitenganisha. ABCA1 iko katika tishu nyingi mwilini. Kingamwili ya polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi) isiyochujwa vizuri inaweza kukupa bendi nzuri, mahali sahihi, ya protini isiyo sahihi. Ukilazimika kununua nyingine, dai uoneshwe mfuatano uliotumika kuitengeneza, kisha ulinganishe na ABCA1 na ndugu mwingine, ABCA7, kabla hujalipa.

## Kuagiza, kusafirisha, kutunza

5. Nikiandika "3F4" kwenye fomu ya manunuzi inatosha?

Haitoshi, na hapa fedha za utafiti zinaweza kupotea bila mtu kujua. Kuna kingamwili nyingine maarufu yenye jina hilohilo la 3F4, nayo inashika protini ya prioni. Hazihusiani kabisa. Afisa manunuzi anayetafuta bei ya chini ataleta yoyote kati ya hizo na kichupa kitaandikwa 3F4 vilevile. Andika kwenye fomu: kingamwili ya monokloni ya panya dhidi ya ABCA4, kloni 3F4. Kifurushi kikifika, soma karatasi ya ndani kabla ya kusaini.

6. Itafika salama kutoka Dar es Salaam?

Kwa kawaida ndiyo. Kingamwili si chanjo hai. Iliyokaushwa kuwa unga huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida, na ya maji huvumilia safari ya basi ikiwa ndani ya boksi lenye vibarafu vya jeli. Adui mkubwa wa kingamwili ya maji ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Kwa hiyo usipakie barafu kavu kwa safari ya Dar hadi Mbeya ikiwa huna uhakika itadumu njia nzima. Barafu ikiisha Kitonga na kifurushi kikarudishwa kwenye friza Mbeya, umeshakipitisha mzunguko mmoja bure.

Ndege ya kutua Songwe hufupisha muda, lakini kinachookoa kingamwili ni mtu wa kuipokea. Kifurushi kilichofika Ijumaa jioni na kulala stoo mpaka Jumatatu kimeharibiwa na mapokezi, wala si na umbali.

7. Umeme ukikatika nifanye nini?

Siku ya kwanza tu, gawa kingamwili yako katika vichupa vidogo vya mikrolita 10 hadi 20, kila kimoja cha kazi moja au mbili. Ukiwa na glaseroli nusu kwa nusu, kioevu hakigandi hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo umeme kuyumba hakukuumizi sana. Epuka friza zinazojiondolea barafu zenyewe, kwa sababu hufanya hivyo kwa kujipasha joto kidogo mara kwa mara. Weka chupa za maji ya chumvi yaliyoganda pembeni mwa friza zishike ubaridi, na usifungue mlango mpaka umeme urudi.

Kichupa unachokitumia wiki hii kikae kwenye friji, nyuzi 4. Kingamwili nyingi huja na azidi ya sodiamu kuzuia bakteria. Usiweke azidi hiyo kwenye bafa yenye kingamwili ya pili (ile inayoishika 3F4 ili ionekane) iliyobeba kimeng'enya cha HRP, kwani inaua kimeng'enya hicho na utando wako wa bloti utabaki mweupe.

## Sampuli

8. Retina nitaipata wapi hapa kwetu?

Machinjioni. Watu hufikiri kazi ya retina inahitaji panya wa maabara wa gharama kubwa, kumbe sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ABCA4 ilitokana na macho ya ng'ombe, na 3F4 yenyewe ilitengenezwa dhidi ya protini ya ng'ombe. Hakuna kontroli chanya (sampuli unayojua ina protini) bora kuliko hiyo, na nyanda hizi zina ng'ombe.

Zungumza kwanza na msimamizi wa machinjio na mkaguzi wa nyama, siku moja kabla, ukiwa na barua ya chuo. Waeleze unachokitaka na kwa nini, maana mgeni anayeomba macho alfajiri huzua maneno. Chukua macho ya mnyama aliyekaguliwa na kupita tu. Usiguse jicho la kibudu hata likitolewa bure: kimeta bado ni hatari ya kweli. Vaa glavu mbili na miwani ya kukinga macho.

Jicho likitoka, liingie moja kwa moja ndani ya mfuko, na mfuko kwenye kibebea chanjo chenye barafu. Andika saa. Retina huanza kuoza mapema kuliko nyama, na saa mbili kwenye barafu ni nzuri kuliko nusu saa juani.

9. Naitoaje retina bila kuichana?

Kata mafuta na misuli yote kuzunguka jicho, ubaki na tufe safi lenye kisiki cha mshipa wa neva nyuma. Toboa kwa wembe milimita chache nyuma ya mpaka wa sehemu nyeusi na nyeupe, halafu zungusha mkasi mpaka upande wa mbele utoke pamoja na lenzi na ute mzito. Ute huo uuache uteleze wenyewe. Ukiuvuta, unavuta na retina.

Utaona ngozi laini ya kijivu chenye uwaridi kidogo, imelala juu ya kioo cha buluu na kijani kinachong'aa. Kioo hicho ndicho kinachofanya macho ya ng'ombe yawake usiku barabarani, na retina ndiyo ile ngozi iliyo juu yake. Imeshikwa kwa nguvu mahali pamoja tu, pale neva inapoingia. Ibembeleze kwa bafa baridi ikunjuke kuelekea katikati, ukate hapo, na uiweke kwenye bafa yenye vizuizi vya protiezi, vimeng'enya vinavyokata protini. Ukiona weusi mwingi umekuja nayo, umechukua na seli zenye rangi. Kwa westani bloti (kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili) si tatizo, kwa picha ni tatizo (angalia swali la 17).

10. Lazima nifanye kazi gizani?

Kwa kutambua ABCA4 peke yake, hapana. Giza au taa nyekundu hafifu huhitajika ukipima retinali au rodopsini isiyopauka.

## Westani bloti

11. Nimefuata maelekezo yote na sioni bendi. Tatizo ni nini?

Uliichemsha sampuli? Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza kila anayekuja na utando mtupu. Mazoea ya maabara ni kuchemsha kila sampuli dakika tano kabla ya kupakia, na kwa protini nyingi ni sahihi. ABCA4 hupita kwenye utando wa kisahani mara kumi na mbili. Ukiichemsha, sehemu zake zinazochukia maji hung'ang'aniana, protini hufanya bonge, na bonge hilo hubaki juu kabisa kwenye kisima cha jeli bila kuingia. Changanya sampuli na bafa yenye SDS na DTT, kemikali za kukunjua protini, iache kwenye joto la chumba dakika 15 hadi 30, au nyuzi 37, kisha pakia.

Kama hukuchemsha, shuku uhamishaji wa protini kutoka kwenye jeli kwenda kwenye utando wa bloti. Protini ya kilodaltoni 250 hutoka kwenye jeli polepole. Tumia jeli ya asilimia 6, au ya mteremko wa 4 hadi 12, na uendeshe mpaka alama ya 75 ikaribie chini. Hamisha kwa njia ya maji usiku kucha kwenye baridi, kwa volti 30, methanoli ipunguzwe hadi asilimia 10 na SDS kidogo iongezwe. Vifaa vya kuhamisha kwa dakika saba vinafaa protini ndogo, na kwa hii vitakukatisha tamaa. Paka rangi ya Ponceau kwenye utando baada ya kuhamisha: ukiona chini kumejaa na juu ya alama ya 150 ni kweupe, umeshajua kosa lilipo kabla ya kutumia hata tone la kingamwili.

12. Niizimue kiasi gani?

Anza na 1:1000 kwa bloti na 1:100 kwa vipande vya tishu, kisha jaribu juu na chini ya hapo. Namba ya kwenye karatasi ya muuzaji ilipatikana kwa sampuli yake, na kila kundi jipya la kingamwili lipimwe upya.

13. Kontroli zipi hazikwepeki?

Bendi bila kontroli ni dai lisilo na shahidi, na tasnifu zinaangukia hapa. Unahitaji angalau tatu. Ya kwanza ni retina ya ng'ombe, kuthibitisha kwamba mfumo mzima unafanya kazi siku hiyo. Ya pili ni tishu isiyo na ABCA4 ya kutosha kuonekana lakini yenye ABCA1, na ini la ng'ombe yuleyule linafaa: ukiona bendi ya 250 kwenye ini, rudi swali la 4. Ya tatu ni kipande cha utando uleule kisichowekwa kingamwili ya kwanza, kilichowekwa ya pili tu.

Kontroli iliyo bora kuliko zote ni panya waliozimwa jeni ya Abca4, au seli za HEK293 (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) zilizopandikizwa jeni hiyo zikilinganishwa na zisizopandikizwa. Seli zinaweza kuombwa kwa ushirikiano kutoka maabara yenye uwezo wa kuzikuza. Ikishindikana kabisa, loweka kingamwili na peptidi ya YDLPLHPRTAG kabla ya kuitumia. Bendi ya kweli itafifia. Jaribio hilo linaonesha kwamba kingamwili imeshika kwa kiganja chake cha kawaida, ila halithibitishi peke yake kwamba ilichokishika ni ABCA4, kwa hiyo lisichukue nafasi ya ini.

14. Naona bendi za 50 na 25 pia. Ni vipande vya ABCA4?

Uwezekano mkubwa ni kingamwili za damu ya ng'ombe mwenyewe zilizoshikwa na kingamwili yako ya pili: mnyororo mzito huonekana karibu na 50, mwepesi karibu na 25. Kontroli ya tatu ya swali la 13 itaonesha bendi hizohizo. Osha retina vizuri, na nunua kingamwili ya pili iliyosafishwa isishike protini za ng'ombe. Bendi kati ya 100 na 150 ni jambo jingine. Hizo mara nyingi ni ABCA4 iliyokatwakatwa na protiezi, dalili kwamba jicho lilichelewa kufika kwenye barafu.

## Picha za hadubini

15. Ishara inatakiwa ionekane wapi?

Kwenye sehemu ya nje ya seli za fito na za koni, aina mbili za seli zinazopokea mwanga. Zamani ilidhaniwa ABCA4 iko kwenye fito tu, na mwaka 2000 ikaoneshwa kuwa iko kwenye koni pia. Ukiona viini vya seli vimewaka au tabaka zote zimewaka sawasawa, hiyo si ABCA4. Kaza tishu kwa paraformaldehidi ya asilimia 4, ipitishe kwenye sukrosi, kisha kata vipande vya baridi, yaani vya tishu iliyogandishwa. Shika kwa upole: sehemu za nje hukatika kirahisi na kubaki upande wa seli zenye rangi, na hapo utadhani protini haipo.

16. Itifaki inasema nichemshe vipande kwa nyuzi 100. Mbona thermomita yangu haifiki?

Kwa sababu uko juu. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka hapo karibu na nyuzi 94. Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka kwenye nyuzi pungufu kidogo ya hizo. Thermomita yako ni nzima. Itifaki iliandikwa na watu wa pwani au wa tambarare.

Kwa vipande vya baridi, 3F4 kwa kawaida haihitaji hatua hii ya kuifungulia kingamwili njia kwenye tishu. Kwa tishu iliyo kwenye nta inasaidia, na tofauti ya nyuzi sita inaweza kufifisha ishara. Tumia sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto juu ya 100 popote ulipo, au ongeza muda ndani ya bafa ya sitrati ya pH 6 na ulinganishe dakika 20, 30 na 40. Andika kwenye daftari joto ulilolipima, na neno "ilichemka" lisitoshe, ili mwenzako wa Dar es Salaam aweze kurudia kazi yako.

17. Seli zenye rangi nyuma ya retina zinawaka. Je, zina ABCA4?

Kuna sababu tatu, zitenganishe kwa utaratibu. Kwanza, lipofusini (takataka zinazorundikana, kama zile za swali la 1) iliyomo humo huwaka yenyewe kwa rangi nyingi, hata bila kingamwili: tazama kipande ambacho hakijawekwa chochote. Pili, seli hizo kila siku humeza takriban moja ya kumi ya sehemu ya nje ya seli za mwanga, pamoja na ABCA4 iliyomo. Tatu, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba seli hizo hutengeneza ABCA4 zenyewe, kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na retina. Kwa hadubini ya kawaida na kingamwili moja huwezi kudai ile ya tatu.

## Hali zisizo za kawaida

18. Naweza kuitumia kwenye macho ya mbuzi, kondoo au panya?

Linganisha kwanza herufi za swali la 2 na mfuatano wa mnyama wako kwenye hifadhidata za wazi, halafu pakia sampuli yake kando ya ng'ombe kwenye jeli moja. Kwa panya kuna tatizo la ziada: 3F4 ni ya panya, hivyo kingamwili ya pili itashika pia damu ya panya mwenyewe, na mishipa itawaka kama miti ya umeme. Tumia kizuizi cha Fab (vipande vya kingamwili vinavyofunika kingamwili za panya mwenyewe), au weka rangi moja kwa moja kwenye 3F4.

19. Nataka kuonesha ABCA4 na rodopsini pamoja, kwa 3F4 na 1D4. Inawezekana?

Si kwa njia rahisi. 1D4, inayoshika mkia wa rodopsini, nayo ni ya panya, kwa hiyo kingamwili ya pili haitajua ipi ni ipi. Tafuta ya rodopsini iliyotengenezwa kwa sungura.

20. Sampuli yenye mabadiliko ya jeni haina bendi. Niseme protini haipo?

Sema kwamba 3F4 haikuiona. Inashika mkiani, kwa hiyo badiliko linalokata protini kabla ya mkia huiondoa kwenye macho ya 3F4 hata kama nusu ya mwanzo imetengenezwa. Hapo unahitaji kingamwili ya upande wa mwanzo. Kinyume chake nacho kipo: mabadiliko yanayojulikana kwenye jeni hii ni zaidi ya elfu moja, na baadhi yake huacha protini ndefu, yenye bendi nzuri ya 250, isiyosafirisha ipasavyo.

Hali hii inawahusu pia wanaojaribu tiba ya jeni. Maandishi ya ABCA4 ni takriban jozi 6,800 za herufi za DNA, na virusi vya AAV vinavyotumika kubeba jeni hubeba takriban 4,700, hivyo watafiti huigawa jeni vipande viwili viungane ndani ya seli. 3F4 itashika protini iliyoungana na pia kipande cha mkia kilichobaki peke yake, kwa hiyo hapo soma uzito wa bendi, usiridhike na kuwaka kwa picha.

21. Hospitali ina jicho la binadamu lililotolewa kwa upasuaji. Naweza kupewa?

Si kwa makubaliano ya mdomo na mtu wa chumba cha upasuaji. Unahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenye jicho na kibali cha maadili ya utafiti, ambacho ngazi ya taifa hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anza maombi mapema, na wakati unasubiri, kamilisha kontroli za swali la 13 kwa ng'ombe. Jicho la binadamu lisitumike kujifunzia uhamishaji.